Du Bois: Mtafiti aliyebisha hodi milango 2,500, kisha akaona ukweli pekee hautoshi

Bila shaka umewahi kukutana naye. Kijana mwenye beji shingoni na tableti mkononi anabisha mlango wako Jumamosi asubuhi, anakuuliza mnalala wangapi humo ndani, kodi ni pesa ngapi, maji mnatoa wapi na mara ya mwisho mlikula nyama lini. Unamjibu, anasema asante, anaenda zake. Humwoni tena. Mwaka unaisha, mfereji bado umekauka na kodi imepanda.

Ukijiuliza yale majibu yako yalienda wapi, ujue hilo swali si geni. Kuna mtu aliyeishi nalo miaka mingi, tena yeye alikuwa upande ule mwingine wa mlango. Yeye ndiye aliyekuwa akibisha.

Jina lake ni William Edward Burghardt Du Bois. Pengine ulimsikia shuleni katika somo la historia, kwenye ile mada ya Umajumui wa Afrika, ukakariri jina kwa ajili ya mtihani kisha ukalisahau. Leo hebu tumtazame kama mtafiti wa sayansi ya jamii. Maisha yake yanagusa swali ambalo wahadhiri, wafadhili na serikali bado wanalikunia kichwa: utajuaje kwamba utafiti umebadilisha kitu?

Harambee ya kwenda chuo

Alizaliwa Februari 23, 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku nchini humo miaka michache tu iliyotangulia. Baba yake aliondoka nyumbani mtoto akiwa bado mdogo sana. Mama yake alimlea kwa shida, na hata alipopatwa na kiharusi aliendelea kuhangaika ili kijana asome. Mama huyo alifariki mwaka 1885, muda mfupi baada ya mwanawe kumaliza shule ya upili.

Ilikuwaje basi yatima huyo akafika chuoni? Waumini wa makanisa ya kwao walimchangia. Ingekuwa hapa kwetu ungesema alifanyiwa harambee. Akatumwa Chuo cha Fisk kule Nashville, Tennessee, chuo cha Wamarekani Weusi. Wakati wa likizo alifundisha shule za mashambani, na huko ndiko alikoona kwa macho yake namna watoto wa waliokuwa watumwa walivyoishi.

Kutoka Fisk alijiunga na Harvard, akapata shahada mwaka 1890. Kisha akavuka bahari hadi Berlin, Ujerumani, alikosoma kuanzia 1892 hadi 1894. Huko alikutana na maprofesa waliosisitiza jambo moja: usizungumzie shida za jamii kwa kubahatisha. Nenda ukahesabu. Jua watu wanapata mshahara gani, wanalipa kodi ngapi, wanafanya kazi gani. Aliporudi nyumbani alikamilisha uzamifu, na mwaka 1895 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo Harvard.

Alikuwa na miaka 27, na imani yake ilikuwa nyepesi kueleza. Aliona kwamba watu weupe walibagua kwa sababu hawakujua. Tatizo ni ujinga, na dawa ya ujinga ni maarifa. Ukikusanya ukweli vizuri na kuuweka mezani, mtu mwenye akili timamu atabadilika. Si wewe pia ungewaza hivyo?

Wadi ya Saba

Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwita Philadelphia. Wakubwa wa mji huo walikuwa na wasiwasi kuhusu Wadi ya Saba, mtaa wenye idadi kubwa ya Weusi. Wengi wao tayari walikuwa na jibu vichwani: shida za mtaa zimeletwa na wenyeji wake. Walichotaka ni mtafiti wa kulithibitisha.

Du Bois alipewa cheo kidogo cha msaidizi, bila darasa la kufundisha. Yeye na Nina, mke aliyekuwa amemwoa karibuni, wakahamia chumba kimoja humo humo mtaani, juu ya mkahawa. Hakutaka kuja asubuhi na kuondoka jioni kama mgeni.

Kisha akaanza kazi. Aliandaa hojaji sita: ya familia, ya mtu binafsi, ya nyumba, ya barabara, ya taasisi kama makanisa na vyama, na ya watumishi wa nyumbani. Hakutuma vijana wa kumsaidia. Alienda mwenyewe nyumba kwa nyumba, akafika katika nyumba takriban 2,500. Wadi hiyo ilikuwa na wakazi Weusi zaidi ya 9,000.

Usidhani alipokelewa kwa chai na mandazi kila mahali. Baadhi ya wenyeji hawakufurahia kuchunguzwa kama vile wao ni wadudu wa maabara. Yeye naye alikuja kukiri kwamba alijifunza mengi kutoka kwao kuliko alivyotarajia. Alikuwa Mweusi kama wao, lakini wa vyuo na suti.

Majibu yalipojumlishwa, picha iliyotokea haikuwa ile ya wakubwa. Kijana Mweusi aliyesomea ufundi alinyimwa kazi ya ufundi, akaishia kubeba mizigo au kutumikia mezani. Familia zililipa kodi kubwa kwa nyumba mbovu, kwa sababu hazikuruhusiwa kukodi penginepo. Wengi walikuwa wamehamia majuzi kutoka Kusini, na historia ya utumwa ilikuwa bado mabegani mwao. Akachora ramani ya wadi, nyumba moja baada ya nyingine, kila moja na rangi yake kulingana na hali ya wakazi, ili ionekane wazi kwamba Weusi hawakuwa kundi moja la watu wanaofanana.

Kitabu chake, The Philadelphia Negro, kilitoka mwaka 1899. Wahakiki kadhaa walikisifu. Halafu?

Halafu hakuna. Chuo kilichomtuma hakikumwajiri kuwa mhadhiri. Waajiri hawakufungua milango. Kodi hazikushuka. Kama ungetumwa mwaka 1900 kupima athari ya utafiti ule, ungejaza sifuri kwenye fomu na kurudi nyumbani.

Safari iliyokatizwa njiani

Wakati huo Du Bois alikuwa ameshahamia Chuo Kikuu cha Atlanta, jimbo la Georgia. Huko aliongoza mpango mkubwa: kila mwaka utafiti wa suala moja la maisha ya Weusi, iwe ni elimu, biashara, makanisa, afya au familia. Aliona kwamba akiendelea hivyo kwa miaka mingi, hakuna mtu angebaki na kisingizio.

Aprili 1899, karibu na Atlanta, kibarua mmoja Mweusi aliyeitwa Sam Hose aligombana na mwajiri wake kuhusu pesa, mwajiri akafa. Uvumi ukaongezwa chumvi magazetini. Du Bois aliandika maelezo yake kwa utulivu kuhusu ukweli wa kisa hicho, akashika njia kuelekea ofisi za gazeti moja la mjini ili akayawasilishe kwa mhariri.

Hakufika. Njiani aliambiwa kwamba umati ulikuwa tayari umemuua Hose na kumchoma, na kwamba vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimewekwa dirishani katika duka la vyakula kwenye barabara ile ile aliyokuwa akipita.

Aligeuka akarudi nyumbani na karatasi zake.

Mwezi uliofuata, mtoto wake wa kwanza, mvulana wa umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, alifariki kwa ugonjwa wa dondakoo.

Ni hapo imani yake ya ujana ilipopasuka. Alianza kuona kwamba ule umati haukuua kwa kukosa takwimu. Na kwamba mtu hawezi kukaa mezani akijumlisha hesabu kwa utulivu huku watu wake wanauawa mtaa wa pili. Hivi sasa elewa vizuri: hakuacha utafiti. Alichobadilisha ni swali. Badala ya kuuliza tu kama nimeupata ukweli, alianza kuuliza: nani atauona, na utamfikia vipi?

Michoro ya Paris

Jibu lake la kwanza lilikuja haraka. Mwaka 1900 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia jijini Paris, Ufaransa, na kulitengwa nafasi ya kuonyesha maisha ya Wamarekani Weusi. Du Bois na wanafunzi wake wa Atlanta wakakaa chini wakachora kwa mkono michoro takriban 60. Rangi zilikuwa kali: nyekundu, manjano, kijani, nyeusi. Idadi ya watu, ardhi waliyonunua, waliojua kusoma, kazi walizofanya, kila kitu kikageuzwa kuwa mstari, duara au umbo lililojikunja kama ganda la konokono. Pamoja na michoro kulikuwa na mamia ya picha za watu Weusi wa Georgia wakiwa wamevalia nadhifu na wametulia mbele ya kamera.

Pesa zilikuwa chache, hivyo alisafiri kwa meli katika daraja la chini kabisa. Alirudi na medali ya dhahabu.

Ukiitazama michoro hiyo leo kwenye simu yako utashangaa. Inaonekana kama imebuniwa juzi na kijana anayeunda grafiki za mitandaoni. Na lengo lilikuwa lile lile: mtu apite, asimame, aelewe kabla hajaondoka.

Ripoti iliyotupwa

Hata hivyo kuna somo lingine, na hili ni chungu. Mwaka 1906 serikali ya Marekani, kupitia idara yake ya masuala ya kazi, ilimpa Du Bois kazi ya kuchunguza maisha ya wakulima Weusi katika Kaunti ya Lowndes, Alabama. Yeye na wenzake walihoji maelfu ya familia kuhusu mishahara, madeni, ardhi na siasa za eneo hilo. Kwa maoni yake mwenyewe, ilikuwa miongoni mwa kazi bora alizowahi kufanya.

Serikali ilikataa kuichapisha. Alielezwa kwamba iligusa mambo ya siasa. Baadaye alipoiulizia, akaambiwa nakala yenyewe imeharibiwa.

Sasa fikiria wakulima wale. Walisimama milangoni mwao wakaeleza madeni yao kwa mgeni, wengine wakihatarisha usalama wao mbele ya wenye mashamba. Majibu yao yakaishia kwenye pipa la taka. Unapoambiwa utafiti fulani haukuwa na athari, kabla hujamlaumu mtafiti, uliza pia nani alikuwa na ufunguo wa kabati.

Kutoka rafu hadi mikononi mwa watu

Mwaka 1910 Du Bois aliondoka Atlanta akaenda New York. Chama kipya cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kilimpa wadhifa ambao jina lake tu linatosha kukueleza alikofikia kimawazo: mkurugenzi wa uenezi na utafiti. Vyote viwili katika kiti kimoja.

Akaanzisha jarida la The Crisis. Toleo la kwanza, Novemba 1910, lilikuwa nakala 1,000 tu. Kufikia 1919 lilikuwa likiuza nakala takriban 100,000 kwa mwezi, likisomwa kwenye vinyozi, makanisani na kwenye garimoshi. Ndani yake kulikuwa na mashairi, picha za watoto, habari za mahafali, na katikati ya hayo yote, hesabu za mauaji ya umati: nani, wapi, lini, kwa kisingizio gani. Mwaka 1919 chama hicho kilichapisha ripoti ya mauaji ya aina hiyo kwa miaka 30, kuanzia 1889 hadi 1918.

Je, hesabu hizo zilileta nini? Mwaka 1922 mswada wa kupinga mauaji ya umati ulipita katika Bunge la Wawakilishi, lakini maseneta wa Kusini wakauzima. Ukarudishwa kwa sura nyingine mara nyingi, ukafa mara nyingi. Sheria ya kitaifa inayoyataja mauaji hayo kuwa uhalifu wa chuki ilitiwa saini Machi 2022. Hesabu mwenyewe: miaka 100.

Unapima vipi?

Hapa ndipo wanaopima athari za utafiti wanapopata jasho. Ukipima mapema sana, unaona sifuri. Ukipima kwa kuhesabu tu ni watu wangapi waliotaja kitabu, unajua wasomi walisema nini wao kwa wao, hujui kama mpangaji wa Wadi ya Saba alipata nafuu. Na ukingoja miaka mingi, njiani wameingia watu wengine wengi, mawakili, wanaharakati, wapigakura. Utasemaje ni kazi ya mtu mmoja?

Njia yenye uaminifu ni kufuata nyayo, hatua kwa hatua. Jaribu na kile kitabu cha Philadelphia. Mwaka 1944 mwanauchumi kutoka Uswidi, Gunnar Myrdal, alitoa utafiti mkubwa kuhusu ubaguzi Marekani, na humo akakitaja kitabu cha Du Bois kuwa mfano wa namna jamii ya Weusi inavyopaswa kuchunguzwa. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwamba kutenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba, ilitaja katika tanbihi yake ya 11 tafiti kadhaa za sayansi ya jamii. Cha Myrdal kilikuwa mojawapo.

Umeona nyayo hizo? Kutoka ngazi za nyumba za Wadi ya Saba, hadi kitabu, hadi kitabu kingine, hadi tanbihi ndogo chini ya ukurasa wa hukumu iliyobadilisha shule za nchi nzima. Huwezi kusema Du Bois ndiye aliyeshinda kesi ile. Hiyo itakuwa kutia chumvi. Unaweza kusema mchango wake ulikuwemo, na ukaonyesha ulipitia wapi. Huo ndio ushahidi wa athari, na mtu yeyote akikupa mkubwa kuliko huo kwa kazi ya mwaka mmoja, muulize maswali.

Du Bois mwenyewe alikuwa hai siku ya hukumu hiyo, akiwa na miaka 86.

Manchester, Accra

Na sisi huku tunaingia wapi? Tangu 1919 alikuwa akiandaa makongamano ya Umajumui wa Afrika. Lile la 1945 mjini Manchester, Uingereza, lilimkutanisha na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta. Kenyatta naye alikuwa amepitia njia ya utafiti: alisomea anthropolojia London, na kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, kilitumia elimu hiyo kueleza mfumo wa ardhi wa Wagikuyu wakati ambapo wakoloni walikuwa wameitwaa ardhi hiyo.

Uzeeni mambo yalimgeuka. Mwaka 1951 serikali ya nchi yake ilimshtaki kwa madai ya kuwa wakala wa nchi ya kigeni. Kesi ilitupwa, lakini alinyimwa pasipoti hadi 1958. Mwaka 1961, kwa mwaliko wa Nkrumah, alihamia Ghana kuandaa ensaiklopidia ya Afrika. Alikuwa na umri wa miaka 93 na bado anaanzisha utafiti mpya!

Alifariki Accra Agosti 27, 1963, akiwa na miaka 95. Kesho yake zaidi ya watu 200,000 walikusanyika Washington kudai haki za kiraia. Kifo chake kikatangazwa jukwaani, na umati ule mkubwa ukanyamaza kidogo kwa heshima yake.

Kile Chuo Kikuu cha Pennsylvania je? Mwaka 2012, zaidi ya karne moja baada ya kumwacha aondoke bila kumpa darasa, kilimtunuku cheo cha profesa wa heshima.

Kwa hivyo, ikiwa wewe ni mwanafunzi na una hojaji unazopanga kusambaza muhula huu, usiishie kuwaza alama tu. Kabla ya swali la kwanza, andika jina la mtu mmoja au ofisi moja ambayo lazima ione majibu, na namna utakavyoyafikisha kwa lugha na sura wanayoielewa. Kisha panga siku ya kurudi kwa wale waliokujibu.

Na ikiwa wewe ndiwe unayebishiwa mlango Jumamosi, usimfukuze yule kijana wa tableti. Mjibu. Lakini naye akujibu: haya ninayokuambia yanaenda kwa nani, nani ana uwezo wa kuyazuia, na utarudi lini kunieleza mlichopata?